Siku saba ndani ya Angai: kifaa gani kitatuitia msaada?

Shikamoo Mzee.

Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, wilayani Liwale. Kijiji chetu ni kimoja kati ya vijiji vyenye sehemu katika msitu wa Angai. Kila mwezi vijana wetu sita huingia doria, na mara mbili kwa mwaka doria huwa ndefu, siku saba hadi kumi, kufuata mipaka na kukagua visiki vya mninga na mpingo vilivyokatwa kwa wizi. Wakishavuka mto, mtandao wa simu unakata. Kuna kichuguu kimoja ambacho ukipanda juu yake asubuhi meseji inaweza kutoka. Ukikipita hicho, hamna kitu mpaka warudi.

Mwezi wa nane mwaka jana kijana wetu mmoja aligongwa na kifutu kwenye kisigino. Wenzake walimfunga kamba chini ya goti, wakakata miti, wakatengeneza machela, wakambeba siku mbili. Walipofika kwenye kichuguu hicho simu zote zilikuwa zimekwisha chaji. Alipona, lakini mguu ulikatwa. Sasa anashinda kibarazani kwao akichonga mizinga ya nyuki.

Kiongozi wa doria ile ni mume wangu. Tangu siku hiyo, akiingia msituni mimi silali.

Baada ya mauzo ya mbao kamati imetenga shilingi 2,400,000 kwa usalama wa doria, na hapo ndipo tulipogawanyika. Mgeni mmoja aliyekuwa huku akitafiti ndege yuko tayari kutuuzia kifaa chake cha kurusha ishara ya dharura kwa laki nne. Ukiinua antena na kubonyeza, setilaiti inapokea, na hakuna ada ya kila mwezi. Mjumbe mwingine ameona mtandaoni kifaa kinachotuma na kupokea meseji kwa setilaiti, ila hicho kina ada. Mpwa wangu wa Dar es Salaam anasema tuachane na yote tununue iPhone moja, maana siku hizi zinaita msaada kwa setilaiti. Mwenyekiti naye anasema hivyo vyote ni vitu vya wazungu wapanda milima, bora tuongeze fedha kidogo tupate pikipiki.

Tuchukue kipi, Mzee? Na mwenyekiti nimwambie nini? Ni mkubwa wangu, sitaki kumvunjia heshima.

Katibu, Liwale

*

Marahaba, mwanangu. Nisalimie kwanza huyo anayechonga mizinga, halafu uwaambie wenzake kwamba kumbeba mtu siku mbili kwenye machela ya miti si kazi ndogo, na kwamba wao ndio waliomfikisha akiwa hai. Kamba tu ndiyo isirudiwe. Sumu ya kifutu hula nyama pale ilipoingia, na kamba huizuia ibaki hapohapo ikiendelea kula. Mguu unatakiwa utulizwe kwa gango, yaani mti wa kuushikilia, usichezeshwe, usichanjwe kwa wembe, na mtu apelekwe hospitali. Vijana walifanya kama walivyofundishwa, na aliyewafundisha alifundishwa hivyohivyo. Wasibebe lawama.

Nilifanya doria miaka mingi katika Pori la Akiba la Selous, kabla sehemu yake kubwa haijawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Wakati wetu tulitumia simu ya upepo. Kuna msimu mwenzetu alivunjwa paja na nyati. Betri ilikuwa nzima, sauti ikapita safi, kambini wakatusikia. Tukawaambia tuko kwenye mto wa mchanga, pale penye mikwaju. Gari likaondoka saa ileile, likaenda kwenye mto mwingine wa mchanga wenye mikwaju. Sisi tulikesha tukisikiliza gari, na wao walikesha mbali kabisa wakitupigia honi. Mgonjwa alifika hospitali siku ya tatu. Mpaka leo nikisikia mtu anasifu kifaa kwamba kinafika mbali, namuuliza kinafika kwa nani, na huyo mtu akishapokea atafanya nini. Na ninyi naomba muanzie hapo.

Tukichukue kifaa cha mgeni wenu. Mafundi wanakiita bikoni, na ni kifaa cha kweli, sikidharau. Mfumo unaokisikiliza unaitwa Cospas-Sarsat. Ulianza mwaka 1979 kwa makubaliano ya Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, na mwaka 1982 ukaokoa watu wake wa kwanza, watatu walioanguka na ndege ndogo huko Kanada. Bikoni hurusha mawimbi ya megahezi 406 kwa nguvu ya wati 5, zaidi ya mara mbili ya simu ya mkononi, karibu kila baada ya sekunde 50, na imetengenezwa idumu hivyo saa 24 au zaidi. Kama mtu yuko peke yake na ameumia, hana nguvu ya kuandika chochote, hakuna kifaa kidogo kinachopiga kelele kuliko hicho.

Ila ndani ya kelele hiyo hamna maneno. Kuna namba ya kifaa, msimbo wa nchi, na kama kina GPS, mahali kilipo. Namba ndiyo inayotafutwa kwenye daftari la usajili ili ijulikane ni nani anayeita. Sasa fikiria siku mume wako ameibonyeza. Kifaa kimesajiliwa kwao mgeni, kwa jina lake, na simu za watu wake. Atakayepigiwa kwanza ni yeye au ndugu yake, na atajibu kwa ukweli kabisa kwamba yuko nyumbani, mzima. Mpaka ieleweke kwamba aliuza kifaa chake Liwale, saa zimekwenda. Kubadilisha usajili na msimbo wa nchi kunawezekana, lakini msimbo hubadilishwa na wakala wa kampuni, si fundi simu wa sokoni. Tena mwulizeni tarehe iliyoandikwa ubavuni. Betri yake imefungiwa ndani, haichajiwi, na kwa kawaida ina umri wa miaka 5 hadi 7, kisha inabadilishwa na fundi aliyeidhinishwa. Laki nne kwa kifaa kilichokwisha tarehe ni fedha ya kijiji iliyotupwa mtoni.

Kuna jambo la tatu ambalo wauzaji hawalisemi. Bikoni hurusha pia mawimbi dhaifu ya megahezi 121.5, ili waokoaji wakishakaribia wayafuate kwa mtambo maalumu. Mitambo hiyo hukaa kwenye ndege na meli za uokoaji. Nani anao kati ya watu watakaowatafuta vijana wako? (Na ukikuta mtu anauza kifaa cha 121.5 peke yake, kwa bei ya kutupa, usikiguse. Setilaiti ziliacha kuyasikiliza mawimbi hayo tarehe 1 Februari 2009.)

Kama ungekuwa mke wa mvuvi wa Kilwa Kivinje au Msangamkuu ningekujibu vingine. Baharini kuna kituo cha kuratibu uokoaji, kiko Dar es Salaam chini ya TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, na kuna bikoni za vyombo vya majini zinazoelea zenyewe na kurusha kwa saa 48. Chombo kikizama hakuna muda wa kuandikiana. Lakini wewe unaniuliza habari za Angai, msitu wa zaidi ya hekta laki moja, ambako helikopta haijapangwa kusubiri mtu. Watakaofika kwanza kwa mume wako ni watu wa kijiji chenu, kwa pikipiki mpaka njia iishie, kisha kwa miguu. Kifaa kinachowafaa ni kile kinachoongea na watu hao.

Kwa hiyo nasema chukueni kile cha meseji.

Fikiri siku ile ya kifutu ingekuwaje. Kijana amegongwa saa nne asubuhi. Saa nne na robo simu yako inalia: nani kaumia, kaumwa na nini, wako wapi. Wewe unamwita mwenye pikipiki, na wakati anatia mafuta unapiga hospitali ya wilaya Liwale kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo. Kama haipo unapiga Nachingwea, unapiga Ndanda. Halafu unawaandikia msituni: msije njia ya mto, njooni mpaka barabara ya zamani ya magogo, pikipiki mbili zinakuja hapo. Nao wanajibu wamekuelewa. Bikoni haiwezi kukuuliza dawa ipo wapi. Wapo walioanza safari vizuri na kufika hospitali isiyo na dawa, na saa zilizopotea njiani hakuna wa kuwarudishia.

Kinachofahamika zaidi ni inReach ya Garmin. Kile kidogo kina uzito wa gramu 100, unakichaji kwa waya kutoka kwenye sola au pawabenki, na kinatumia setilaiti 66 za Iridium zinazozunguka dunia yote, Liwale ikiwemo. Mkiletewa cha kampuni nyingine inayotumia setilaiti za Globalstar, tazameni ramani yao ya huduma kabla ya kulipa. Zile huhitaji kituo cha ardhini kilicho karibu ili ziunganishe, na si kila sehemu ya Afrika imefikiwa sawasawa. Bei ya kifaa ni kama dola 400, na mpango mdogo wa ada ni kama dola 15 kwa mwezi. Nikihesabu dola kwa shilingi 2,600, kifaa na ada ya mwaka ni kama 1,508,000. Mnabakiwa na karibu laki tisa za usafiri, ushuru na mengine nitakayokutajia. Kabla ya kuagiza, ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, kuhusu kifaa hicho, maana vyombo vya mawasiliano ya redio viko chini yao, na hamtaki kikwame forodhani wakati doria inasubiri.

Hapa ndipo penye mtego, na nakuomba uandike kwa herufi kubwa kwenye daftari la kamati. Ada isipolipwa kifaa kinakuwa jiwe. Hata kitufe cha dharura hakifanyi kazi. Kamati nyingi ninazozijua zina mhasibu mmoja, na akienda msibani Newala wiki mbili hakuna kinacholipwa. Ada hulipwa kwa kadi, ya benki au ile ya mtandaoni mnayoipata kupitia simu, basi watu wawili wajue kulipa, na risiti ya mwezi isomwe kwenye kikao kabla doria haijaondoka. Kama kamati inajijua haiwezi nidhamu hiyo, bora mnunue bikoni mpya iliyosajiliwa kwa jina lenu, ambayo haina ada, kuliko kifaa cha meseji kilichokatiwa huduma. Nasema hivi nikiwa nimeona sola za vijiji zikifa kwa kukosa betri ya bei ndogo.

Kuhusu iPhone, mwambie mpwa wako nimesikia wazo lake. Huduma ile ilianza na iPhone 14 mwaka 2022, na hufanya kazi katika nchi ambazo kampuni imezitaja. Tanzania haimo.

Sasa turudi kwenye mto wangu wa mchanga. Kifaa kitakuletea mahali walipo kwa tarakimu, na tarakimu hizo ndizo zitakazoharibu kila kitu kama hamkujifunza kuzisoma. Liwale mjini ni kama nyuzi 9.77 kusini ya ikweta na 37.93 mashariki. Kwenye ramani ya simu, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa mbele: -9.77. Mtu akiisahau alama hiyo, ramani itampeleka nyuzi 9.77 kaskazini, na atakuta mume wako yuko Ethiopia. Kosa la pili halionekani kirahisi hivyo. Kuna uandishi wa nyuzi kwa nukta na kuna wa nyuzi na dakika. 9.50 si sawa na nyuzi 9 na dakika 50. Tofauti yake ni kama kilomita 37. Kilomita 37 ndani ya Angai ni siku nzima ya kutembea kuelekea mahali pasipo na mtu. Chagueni mtindo mmoja, kifaa na simu za nyumbani zote ziwekwe hivyo, na ramani ya wilaya ipakuliwe mapema kwenye simu ya mwenye pikipiki ili ifunguke bila mtandao. Na majina ya zamani msiyaache. Kaeni na wazee, mito, vichuguu na kambi za warina asali vipewe jina moja tu, liandikwe pamoja na tarakimu zake.

Najua utataka simu inayopokea iwe yako. Iwe yako, lakini isiwe yako peke yake. Mke akipokea habari ya mume, mikono hutetemeka, nami sikulaumu. Wawe watatu: wewe, mwenye pikipiki, na mtu mmoja anayeweza kuongea Kiingereza na mgeni kwenye simu, mwalimu kwa mfano. Kitufe cha dharura cha kifaa hiki kinapeleka habari kwenye kituo cha kampuni kule Marekani, kinachofanya kazi usiku na mchana, nao hupiga simu kwa watu mliowaandikisha na kwa mamlaka za nchi. Simu hiyo itaingia kwa namba ngeni ya nje, aina ambayo sote tumezoea kuikata tukidhani ni matapeli. Meseji za kifaa nazo zinaweza kuingia kwa namba msiyoijua. Jaribuni kwa simu ya kila mmoja na kwa kila mtandao mnaotumia, kutuma na kujibu, kabla ya kuamini. Isipofika kwa njia ya meseji ya kawaida, tumieni na barua pepe.

Kila siku saa kumi na mbili jioni doria itume meseji moja ya kwamba wote wazima. Kifaa kina meseji zilizoandikwa tayari, na kwa kawaida hazihesabiwi kwenye ada. Wasitumie chini ya mti. Mwezi wa nane miombo imepukutika na anga linaonekana, lakini masika majani yakijaa, au wakiwa kwenye bonde lenye miti mikubwa, meseji inaweza kukaa dakika nyingi bila kutoka, basi wasogee mahali peupe na wakiinue antena ielekee juu. Jioni ikipita kimya, usikimbilie kulia. Betri hufa, mvua hunyesha. Subirini mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ikiwa bado kimya, watu waondoke kwenda kwenye tarakimu za mwisho, bila kikao kingine. Kanuni hiyo iamuliwe sasa, wakati wote mna akili tulivu.

Na kifaa asikivae mume wako. Najua yeye ndiye kiongozi, lakini kiongozi hutembea mbele, na wa mbele ndiye anayekanyaga kifutu. Kivaliwe begani na mtu wa katikati, kisitumbukizwe ndani ya begi, na wote sita wajue kukitumia gizani.

Kwa mwenyekiti nenda jioni, nyumbani kwake, si kwenye kikao. Mwambie ana haki kuhusu pikipiki, kwa sababu anayo. Meseji haiwezi kumbeba mtu. Lakini pikipiki iliyoegeshwa kijijini haijui kama msituni kuna mgonjwa, na kijijini pikipiki zipo tayari. Kinachokosekana usiku ni mafuta na mtu aliyekubali mapema kuamka. Mshauri kwamba kutoka kwenye hizo laki tisa, laki tatu zikae kwa mtu mwaminifu kama fedha ya mafuta ya dharura, dumu moja liwe limejaa wakati wote doria ikiwa msituni, na madereva wawili waandikwe majina kwa malipo waliyokubali. Umuombe yeye mwenyewe awe mlinzi wa mpango huo. Atakuwa amepata pikipiki yake, nawe umepata meseji yako.

Kifaa kikifika, msikipeleke Angai siku ya kwanza. Jumamosi moja mume wako na mwenzake waende nusu siku, wajifiche mahali wanapopajua wao tu, watume meseji moja: mtu kavunjika mguu, njooni. Wewe, dereva na mwalimu msiwe mmeambiwa saa. Angalieni mnatumia muda gani kuanzia simu kulia mpaka dereva anapowaona kwa macho. Kisha niandikie ni saa ngapi, na mlipotea wapi.